Muulize Fundi: Pesa ya kwanza iende mlangoni

Mwezi huu barua zimejaa muziki wa gari, nadhani kwa sababu ya foleni. Mtu anayekaa saa mbili barabarani lazima aanze kuichukia redio yake. Nimechagua barua tatu.

*Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. FM inaishia 90, na spika ya mlango wa dereva inakwaruza. Nilikwenda Kariakoo, kijana wa dukani akaniambia niweke skrini ya Android ya inchi tisa, wati 60 mara nne, na sabufa ya chini ya kiti. Nina laki tano tu. Unanishauri nini? Msomaji wa Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Kijana amefanya kazi yake, ambayo ni kuuza. Ila hakufungua mlango wa gari lako, na ugonjwa uko humo.

Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazowaliza wengi. Redio ya kawaida inasukuma spika kwa volti zilezile za gari, na injini ikiwaka ni kama 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, ambazo ni omu za spika, yaani ukinzani wake. Unapata 51 na ushee. Ndiyo maana maboksi mengi yanaandikwa 50 mara nne: hicho ni kilele cha mpigo mmoja, tena kwenye hesabu tu. Kwa kazi ya kudumu, redio inatoa wati 18, ikijitahidi sana 22 kwa kila spika. Aliyeandika 60 amefurahisha boksi. Redio yako ya Kijapani na skrini hiyo zinasukuma karibu sawasawa, hivyo ukiifunga skrini juu ya spika iliyochanika utapata mkwaruzo uleule, sasa ukiwa na picha.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende mlangoni. Fungua ubao wa mlango wa mbele uone. Spika ya kiwandani ni karatasi nyepesi, sumaku yake kama kifuniko cha chupa ya maji, na fremu ya plastiki iliyopigwa ribiti kwenye bati. Gari la miaka ishirini, likilala nje kwenye joto na unyevu wa Dar, karatasi hiyo hukauka ukingoni ikachanika. Ukiibonyeza taratibu kwa vidole viwili utausikia mkwaruzo wako bila hata kuwasha redio.

Nunua jozi moja nzuri ya inchi sita na nusu kwa milango ya mbele tu. Za nyuma ziache, abiria wako hawakulipi kusikiliza. Ribiti zitolewe kwa drili, zisipigwe patasi, maana bati likipinda spika mpya haikai sawa. Spika mpya inahitaji pete ya kuinyanyua isigonge kioo kikishuka. Mafundi wengi wanakata pete hiyo kwenye ubao wa unga wa mbao uliosindikwa. Ni rahisi kukata, lakini mvua hupita ndani ya mlango siku zote kupitia mpira wa kioo, na masika moja tu pete imevimba kama andazi. Mwambie akukatie ya plastiki, au plaiwudi iliyopigwa rangi kila upande, hata kwenye matundu ya skrubu.

Hapohapo utaona nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango. Usikubali ichanwe na kutupwa! Ndiyo inayorudisha maji yatoke chini ya mlango yasiingie kwenye kapeti. Nimeletewa magari yananuka uvundo, mwenyewe anadhani kiyoyozi kinavuja, kumbe ni kazi ya muziki ya miezi sita nyuma.

Kisha ziba yale matundu makubwa ya bati kwa karatasi nzito za mpira zenye alumini upande mmoja, zinazouzwa kwa kazi hiyo. Mgongo wa spika unatoa sauti kama uso wake, ila kinyume. Zikikutana kupitia matundu hayo zinafutana, besi inapotea. Mteja wangu mmoja alizibiwa milango miwili akaniuliza sabufa nimeificha wapi. Mtu asikubandikie lami ya kuzibia mapaa. Jua la Januari huilainisha, ikateremka na kuganda chini ya mlango pamoja na nywele na vumbi.

Kitu kimoja kinachosahaulika kila siku ni chanya na hasi. Spika moja ikifungwa kinyume, hii ya kulia inasukuma wakati ile ya kushoto inavuta, na besi inapotea ingawa kila kitu ni kipya. Chukua betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5, gusa nyaya za spika kwa sekunde moja. Karatasi ikiruka nje, waya ulioko upande wa kichwa cha betri ndio chanya. Kama kila kitu kimeshafungwa, peleka sauti upande mmoja. Besi ikiongezeka badala ya kupungua, mojawapo imegeuzwa.

Sasa redio. Japani FM yao ilikuwa 76 hadi 90, kwa sababu 90 hadi 108 walizipa televisheni za analojia, ambazo nyingi walizizima 2011. Sisi stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108, ndiyo maana unashika chache. Dawa ya bei ndogo ni ekspanda, kile kikopo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Ukipata cha 14, stesheni ya 98.0 utaikuta 84.0. Hasara zake ni kwamba namba hazilingani na matangazo, na stesheni za juu au za chini zinaweza kubaki nje. Pia kikifungwa ovyo kinaongeza ukungu wa sauti. Ukichoka na hesabu hizo, nunua redio mpya mwezi mwingine, baada ya milango.

Ukifika huko, pima kabla ya kulipa. Redio nyingi za Toyota ya Japani zina upana wa milimita 200, za madukani ni 178, ndiyo maana unaona magari yenye nyufa mbili pembeni ya skrini kama meno yaliyong'olewa. Vipande vya kuziba vinauzwa, vidai. Na fundi asikate soketi za gari. Kuna waya wa kubadilishia wenye soketi ya pini 10 na ya pini 6, inachomekwa tu. Akikata, siku ukitaka kuuza gari na redio yake utakuwa unahesabu nyaya za rangi kwa tochi. Redio ya zamani irudi nyumbani na wewe. Zina tabia ya kusahaulika dukani.

Sabufa iache. Laki tano yako haitoshi kuifanya vizuri, na ikifanywa vibaya itatetemesha kibao cha namba tu.

*Fundi, nimebadilisha betri ya Noah yangu, redio imejifunga. Inaandika Kijapani na inataka namba. Fundi wa betri anasema niitupe. Mama Wawili, Tanga.*

Usitupe, dada yangu. Ni ulinzi wa wizi, umeme ulipokatika redio ikadhani imechomolewa kwenye gari. Kwenye nyingi za Toyota, ukifika ukurasa wa usalama unatokea msururu mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na ERC. Upige picha iliyo wazi, sifuri isichanganywe na O. Kuna mafundi wanaotoa namba ya kufungulia kutokana na huo, na kazi ni ya dakika chache. Kama badala yake inadai kadi ya ramani, hiyo ni kadi ndogo iliyokuwa kwenye tundu la redio na mtu ameichomoa, aghalabu kuitia nyimbo. Muulize kijana wako mkubwa kwanza.

Safari nyingine, betri inapobadilishwa, ishikizwe betri ya pembeni kwa nyaya ili umeme usikatike.

*Mzee wetu, nimefunga amplifaya kwenye Probox. Nikikanyaga mafuta spika zinalia wiii, nikiachia inashuka. Fundi amebadilisha amplifaya mara mbili. Dereva wa Mwanza.*

Huyo anayelia ni alteneta, mtambo wa kuchaji betri injini ikizunguka, na amplifaya haina kosa. Anza na ethi, waya wa amplifaya unaofungwa kwenye bati la gari. Fungua ule waya mweusi uone umefungwa wapi. Nina hakika utaukuta kwenye bolti yenye rangi, labda ya mkanda wa kiti. Kwangua rangi hadi bati jeupe, waya usizidi nusu mita, unene uleule wa waya mwekundu unaotoka betrini. Ikibaki, angalia waya za mawimbi, yaani za sauti, kutoka kwenye redio. Zikilala sambamba na waya wa betri zinaubeba mlio. Mwekundu upite upande wa dereva, za mawimbi upande wa abiria.

Ukiwa umeinamia hapo, tafuta fyuzi ya waya mwekundu. Sisemi ile iliyoko kwenye amplifaya, hiyo inailinda amplifaya tu. Nasema ya karibu na betri. Mimi mwenyewe, miaka hiyo nikijiona bingwa, nilifunga Mark II GX81 yangu bila fyuzi hiyo, na waya nikaupitisha kwenye tundu la bati kati ya injini na miguu bila mpira. Bati lilikula ganda la waya kidogokidogo. Siku moja jioni Ubungo, taa nyekundu, moshi ukaanza kutoka kwenye pedali. Waya uliugusa mwili wa gari, betri nzima ikamwagika humo. Nilichomoa kichwa cha betri kwa mikono mitupu, na alama ninayo kwenye kiganja cha kushoto. Kapeti ilikuwa imeyeyuka upana wa sahani.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betrini, kabla waya haujafika kwenye tundu. Na mpira wa tundu ununue leo, hauzidi bei ya soda.