Majibu ya Daktari: Namba ya Maabara na Tiba ya Saratani za Wanawake

Barua za toleo hili zinahusu vipimo vya damu vinavyoitwa viashiria vya saratani, yaani kemikali ambazo uvimbe huzitoa, au huufanya mwili uzitoe, na ambazo maabara huziandika kwa namba. Nimezifupisha barua na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

Swali: Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 34, sijajaliwa mtoto, na hedhi yangu ina maumivu makali tangu usichana. Nilikwenda kupima afya ya mwili mzima katika maabara binafsi, wakaniwekea na kipimo cha CA-125. Kimesoma 68, wakati kawaida ni chini ya 35. Mhudumu aliniambia hiyo ni saratani ya ovari inayoanza na kwamba heri nitolewe kizazi mapema. Tangu siku hiyo sipati usingizi. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Usikubali kutolewa kizazi wala ovari kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

CA-125 ni protini inayotoka kwenye utando laini unaofunika viungo vya tumbo na kifua, na pia kwenye ukuta wa ndani wa kizazi, kwa hiyo chochote kinachouchokoza utando huo huipandisha. Endometriosisi, yaani nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, huipandisha, kadhalika faibroidi, maambukizi ya mirija, ujauzito mchanga, ugonjwa wa ini, moyo ulioshindwa kazi, hata hedhi yenyewe. Tena kipo kifua kikuu cha tumbo, ambacho katika nchi zetu hakipaswi kusahauliwa kamwe: mwanamke huletwa amekonda, tumbo limejaa maji, CA-125 iko katika mamia, ndugu wameshaanza kulia, kumbe kinyama kikikatwa na kupimwa kinaonyesha ugonjwa unaotibiwa kwa vidonge vya miezi sita. Na kinyume chake pia ni kweli, kwamba karibu nusu ya wanawake wenye saratani ya ovari katika hatua ya kwanza, kipimo hiki husoma kawaida.

Robert Bast na wenzake wa Boston, waliotangaza kingamwili ya kipimo hiki mwaka 1981, walikitumia kufuatilia wagonjwa ambao saratani yao ilikwishajulikana. Kiwango cha 35 kilitokana na utafiti wao wa mwaka 1983, ambapo asilimia 1 tu ya watu wenye afya ndio waliokivuka. Baadaye ikajaribiwa kama kingeweza kuwasaka wagonjwa miongoni mwa wanawake wasio na dalili. Uingereza iliwaandikisha wanawake zaidi ya 200,000, wote wakiwa wamekoma hedhi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba upimaji huo haukupunguza vifo. Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011, wanawake 1,080 walifanyiwa upasuaji baada ya kipimo kuwadanganya, na kati yao asilimia 15 walipata angalau dhara moja kubwa la upasuaji huo. Ndiyo maana naumia ninapoona kipimo hiki kimepachikwa kwenye vifurushi vya kupima afya kana kwamba ni kipimo cha sukari.

Lipo hesabu ambalo madaktari hutumia pale uvimbe wa ovari unapoonekana. Namba ya CA-125 huzidishwa kwa alama ya altrasaundi, ambayo ni 0, 1 au 3, kisha huzidishwa kwa 1 ikiwa mwanamke bado anapata hedhi au kwa 3 ikiwa amekoma. Jumla ikivuka 200, mgonjwa hupelekwa kwa bingwa wa saratani. Kwako wewe, hata kama altrasaundi ingepata kasoro moja, yaani alama 1, jibu lingekuwa 68 ile ile. Nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, ufanyiwe altrasaundi ya kupitia ukeni, na kipimo kirudiwe siku ambazo hauko kwenye hedhi. Maumivu yako ya tangu usichana yananifanya niwaze endometriosisi kwanza, nayo ina tiba ambayo haianzi kwa kukunyima uwezo wa kuzaa.

Swali: Shikamoo Daktari. Nina miaka 23. Mwezi wa tatu nilisafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu. Tangu hapo napima homoni ya ujauzito kila wiki: 98,000, kisha 4,100, kisha 310, 296, 301, na sasa 305. Daktari anasema nianze sindano za saratani, lakini hajanikata kinyama hata kidogo. Mume wangu anasema hakuna saratani bila kinyama, na anataka tutafute mtoto mwingine. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Marahaba mwanangu. Daktari wako yuko sahihi, na ninaomba mume wako asome jibu hili akiwa pamoja nawe.

Nilichomwambia dada wa Tanga kuhusu CA-125 hakihusu homoni hii, inayoitwa hCG. Katika saratani zote za wanawake hakuna kiashiria kinachoaminika kama hiki. Homoni hii hutengenezwa na chembe za kondo la nyuma, na mimba zabibu ni kondo lililokua bila mpangilio. Likishasafishwa, homoni inapaswa kushuka hadi iishe. Isiposhuka, maana yake chembe hai zimebaki mahali fulani na zinaendelea kukua.

Kanuni za shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, zinasema hivi: homoni ikigoma mahali pamoja kwa vipimo vinne ndani ya wiki tatu, bila kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10, au ikipanda kwa zaidi ya asilimia 10 katika vipimo vitatu ndani ya wiki mbili, mgonjwa atibiwe. Tazameni namba zenu nne za mwisho, 310, 296, 301 na 305. Tofauti kati yake haifiki asilimia 5. Kabla ya sindano ni lazima altrasaundi ihakikishe kwamba hakuna ujauzito mpya, maana ndio kitu kingine cha kawaida kinachoweza kutoa homoni hiyo kwako.

Kinyama hakikatwi kwa sababu uvimbe huu umejaa mishipa ya damu, na kuuchokonoa kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Hapa namba inatosha kuwa ushahidi, jambo ambalo ni nadra sana katika saratani.

Tiba yenyewe ilianza mwaka 1956 huko Bethesda, Marekani, ambako Roy Hertz na Min Chiu Li waliwapa wanawake wenye saratani ya kondo dawa ya methotrekseti. Uvimbe uliyeyuka hata kwenye picha za kifua. Li, hata hivyo, alikataa kusimamisha dawa wakati homoni ilikuwa bado inaonekana kwenye mkojo. Wakubwa wake waliona anawatesa kwa sumu wagonjwa waliokwisha kupona, akaondolewa kazini. Wakati ukathibitisha kwamba waliotibiwa hadi homoni ikaisha walipona moja kwa moja, na wale waliosimamishiwa mapema ugonjwa uliwarudia. Mpaka leo tunamfuata yeye: homoni ikifika kawaida tunaongeza mizunguko miwili au mitatu mbele.

Wewe utapewa alama zinazoonyesha ugonjwa una hatari kiasi gani. Umri chini ya miaka 40, ugonjwa uliotokana na mimba zabibu, muda usiofika miezi minne na homoni chini ya 1,000, vyote hivyo vinakupa sifuri. Kilichobaki ni ukubwa wa uvimbe na kama umesambaa, ndiyo maana utapigwa picha ya kifua. Alama zisipozidi 6, dawa moja hutosha kuanzia, na karibu wote wa kundi hilo hupona, wakiwemo wale ambao dawa ya kwanza huwagomea wakabadilishiwa. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, methotrekseti huchomwa siku ya 1, 3, 5 na 7, na siku za katikati hutolewa dawa ya kukinga mwili, kisha mzunguko hurudiwa kila baada ya wiki mbili. Vidonda vya mdomoni hutokea, waambie wauguzi mapema. Usinywe vidonge vya folik asidi vya dukani bila kumuuliza daktari, kwa kuwa vinaweza kupunguza nguvu ya dawa.

Pima maabara ile ile kila mara, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti, na usitegemee kile kijiti cha kupima mkojo nyumbani. Kuhusu mtoto, subirini miezi 12 baada ya sindano ya mwisho. Ujauzito mpya ungepandisha homoni, tukashindwa kujua ni mtoto au ni ugonjwa. Vidonge, sindano za uzazi wa mpango, kipandikizi na kondomu vyote vinafaa; kitanzi kisubiri hadi homoni iwe kawaida. Baada ya hapo wengi sana huzaa salama, na mimba zabibu humrudia takriban mwanamke mmoja katika mia.

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 61. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari, kisha akapewa mizunguko sita ya dawa za dripu. CA-125 ilitoka 1,240 ikashuka hadi 18. Sasa, miezi minane baadaye, ilisoma 29 na safari hii 52. Mama hana maumivu, anakula, anakwenda sokoni. Daktari wake anasema tusubiri. Sisi watoto tunaona muda unapotea. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Pole, na mpe mama salamu zangu. Hofu yenu naielewa, lakini kusubiri kwa daktari huyo kuna msingi.

Kwa mgonjwa ambaye namba yake ilikwisha kurudi kawaida, tunasema kiashiria kimethibitisha kurudi kwa ugonjwa pale kinapofika mara mbili ya kiwango, yaani 70, katika vipimo viwili vilivyopishana angalau wiki moja. Mama hajafika hapo, ingawa mwelekeo wa namba zake unataka uangalizi wa karibu. Hata akifika, utafiti wa Uingereza na Ulaya uliotangazwa mwaka 2010 uliwagawa wanawake 529 wa hali kama yake: nusu walianzishiwa dawa mara tu namba ilipopanda, nusu walisubiri dalili. Walioanza mapema waliishi wastani wa miezi 25.7, waliosubiri miezi 27.1, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Kilichowafika kweli walioanza mapema ni kwamba hali yao ya maisha ilizorota mapema zaidi kwa sababu ya dawa.

Hata hivyo, kusubiri kusiwe kukaa tu. Tangu utafiti huo tiba zimeongezeka, kwa hiyo muulizeni daktari maswali matatu: je, apigwe picha ya CT sasa, je, ugonjwa ukionekana mahali pamoja, anafaa kwa upasuaji wa pili, na je, amepimwa jeni za BRCA? Wenye kasoro ya kurithi katika jeni hizo hunufaika zaidi na vidonge kama olaparibu, na jibu lake linawahusu pia ninyi mabinti zake. Nyumbani, angalieni tumbo kujaa, kushiba kwa tonge chache, kukosa choo na kukojoa mara kwa mara; likitokea mojawapo, msingoje tarehe ya kliniki. Kwa kuwa imepita zaidi ya miezi sita tangu dripu ya mwisho, kuna matumaini kwamba dawa zile zile za kundi la platini zitamsaidia tena zikihitajika.

Swali: Daktari, binti yangu wa miaka 17 ana uvimbe upande mmoja wa tumbo unaokua haraka. Hospitali wakaandika kipimo cha ujauzito na vingine viwili. Baba yake amekasirika, anasema wamemdhalilisha mtoto. (Mama, Dodoma)

Jibu: Mama, mwambie mzee hakuna aliyemtuhumu binti. Kwa wasichana, saratani ya ovari mara nyingi hutoka kwenye chembe za mayai yenyewe, nazo hutoa hCG, ile homoni ya ujauzito, au viashiria vingine viwili vya damu viitwavyo AFP na LDH, hata kwa msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. AFP ikiwa juu sana huelekeza kwenye aina moja, LDH kwenye nyingine. Lililo muhimu ni kwamba damu itolewe kabla ya upasuaji, kwa sababu baadaye tutalinganisha nayo. AFP, kwa mfano, hupungua kwa nusu kila siku tano hadi saba uvimbe ukishatolewa wote. Ombeni daktari wa upasuaji aache ovari ya pili na kizazi, kwani saratani hizi husikia dawa vizuri sana, hata zikiwa zimesambaa, na wengi hupona na kuja kuzaa.

Swali: Mimi nina saratani ya mlango wa kizazi, naanza mionzi. Kila wiki wananipima figo na damu, hawapimi kiashiria chochote. Je, wamesahau? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hawajasahau. Kipo kiashiria kiitwacho SCC ambacho baadhi ya hospitali hukifuatilia, lakini hakiamui tiba yako. Saratani hii hugunduliwa kwa kupimwa virusi vya HPV au kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, kisha kukata kinyama. Hakuna kipimo cha damu cha kuigundua. Pamoja na mionzi, huenda unapewa sisplatini kila wiki, dawa inayoumiza figo, na uvimbe wenyewe unaweza kubana mirija ya mkojo. Namba ya figo ikipanda, dozi hubadilishwa au mirija hufunguliwa kwanza. Damu nayo ikishuka sana, huongezewa ili mionzi ifanye kazi vizuri. Kunywa maji kama ulivyoelekezwa, na ukiona mkojo umepungua au kiuno kinauma upande mmoja, sema siku hiyo hiyo kabla hujawekewa dripu.