Mzee Akigoma Kuhama Maji Yanapokuja, Muulize Kuhusu Choo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayeishi Mbagala, hapa Dar es Salaam, ambaye bibi yake wa miaka 84 anakaa bondeni, hatua chache kutoka kwenye mfereji unaofurika kila masika. Swali lake lilikuwa moja tu: "Bibi amegoma kuhama. Nimfanyeje?" Nilicheka kwanza, kisha nikaiweka simu chini, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2018, na jibu nililojipa wakati ule lilikuwa baya.

Nyumba yetu iko Magomeni, upande unaoteremkia Bonde la Msimbazi. Haiko chini kabisa, ndiyo maana haikuingia katika mradi wa kuliendeleza bonde uliowalipa fidia na kuwahamisha majirani zetu wa chini, lakini haiko mlimani pia. Marehemu Baba aliijenga kwa mshahara wa bandarini, chumba kimoja leo, kingine baada ya miaka mitatu. Wanaoufahamu Msimbazi wanajua tabia yake: unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo ukisomba mchanga na taka, unafika Jangwani, kisha unamwaga baharini kwenye Daraja la Salender. Mvua ikinyesha Pugu, watu wa Magomeni wanaweza kuwa wameanika nguo juani na maji yakawakuta. Na bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, mto hukosa pa kutokea, ukarudi nyuma kuwafuata watu vyumbani.

Mimi naishi Ilala. Katikati yangu na nyumbani iko Jangwani, na Jangwani ikijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na mwendo wa robo saa hugeuka safari ya kuzungukia Salender na Kinondoni pamoja na nusu ya jiji. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifedhehesha.

Masika ya 2018 nilikuwa nimejipanga vizuri, kwa maoni yangu. Nilikuwa nimetandika chumba cha wageni, nimezungumza na dereva wa teksi, nimenunua hata maziwa ya unga anayoyapenda Baba. Mama alikuwa Tanga kwenye msiba wa dada yake, kwa hiyo Baba, akiwa na miaka 81 na goti lisilokunjika, alikuwa amebaki na wapangaji. Katikati ya Aprili mvua ilipoanza kunyesha mfululizo, nilimpigia simu nikamwambia kwamba kesho yake saa nne asubuhi ningemfuata, ajiandae. Zingatia kwamba nilimwambia, sikumuuliza. Akanijibu, "Maji haya nayajua tangu hujazaliwa. Lala, mwanangu." Nilipiga mara ya pili, nikapiga mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu nilitumia sauti ambayo mtoto aliyelelewa hamtolei baba yake, nikamwita mkaidi. Akakata simu.

Kesho yake saa nne Jangwani ilikuwa ziwa. Teksi iligeuzwa, tukajaribu kuzunguka, tukakwama kwenye foleni mpaka dereva akanisihi nishuke. Maji yaliingia nyumbani jioni hiyo. Wapangaji waliokoa magodoro yao na watoto wao, wala siwalaumu. Baba alipanda juu ya meza ya kulia chakula, akakaa usiku kucha amevaa koti, miguu ameiweka juu ya stuli iliyokuwa imezama, redio ya mbao ameipakata. Vijana wa mtaani walimkuta alfajiri, vidole vya miguu vimekunjamana kama vya dobi, na jambo la kwanza aliloomba ni radhi kwa kuwasumbua.

Baada ya siku nne alianza kukohoa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na mwezi wa saba tukamzika. Daktari alisema ni nimonia na hakuyataja maji. Ninayeyataja ni mimi. Kwenye matanga kaka yangu mkubwa, anayeishi mkoani na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka miwili, alisimama mbele ya jamvi zima akasema kwamba mzee ameachwa na watoto walio karibu. Nimemsamehe, nadhani, ingawa mpaka leo akipiga simu huwa naiacha iite mara nne kabla ya kupokea.

Baba alikuwa na sababu mbili za kukataa, moja ya kutamka na nyingine ya kuficha. Ya kutamka ilikuwa Mabwepande, mbali huko pembezoni mwa jiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, serikali iliwagawia viwanja huko Mabwepande watu wengi wa mabondeni, na mwenzake wa kucheza bao alikuwa miongoni mwao. Yule mzee alipata kiwanja lakini akapoteza kliniki yake, msikiti wake na baraza lake, akamalizia siku zake akipanga chumba Kigogo ili awe karibu na watu anaowajua. Katika akili ya Baba, kutoka nyumbani wakati wa mvua ilikuwa hatua ya kwanza ya kutorudi.

Sababu ya pili alinieleza Mama, akiwa ndani ya eda, siku moja tukichambua mchele. Mwaka mmoja kabla, Baba alilala kwangu siku mbili za Idi. Choo changu ni cha kuchuchumaa. Goti lake lilimgomea, akashindwa kuinuka, ikabidi amwite mjukuu wake wa miaka 11 aje amnyanyue. Alimwapisha mtoto asiseme, na mtoto, kwa adabu aliyofundishwa na mimi mwenyewe, hakusema. "Baba yako alikuwa anaona haya," Mama aliniambia, huku akiendelea kutupa chuya. Nilikuwa nimemtandikia shuka jipya, nimemnunulia maziwa, na sikuwahi kufikiri angejisaidia vipi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nitaurudia mpaka mchoke, ni kuzungumza na mzee wako mapema na kumuuliza kabla ya kumwambia. Usimuulize kama atahama, kwa sababu hapo atakujibu hapana. Muulize huko aendako atajisaidiaje, ataswali wapi, nani atamlindia nyumba, hati ya kiwanja itakaa wapi, na atarudi lini. Mwezi wa pili, jua likiwaka, mambo hayo huzungumzika kwa utani. Maji yakiwa mlangoni, mtu mzima hawezi kukufungulia aibu yake kwenye simu.

Baada ya hapo nilimgeukia Mama, ambaye sasa ana miaka 79, ana kisukari cha miaka mingi na ganzi miguuni. Ganzi hii ni hatari ambayo watu huisahau. Wote tunajua kwamba maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha hata kijana. Lakini mgonjwa wa kisukari anaweza kukanyaga msumari ndani ya maji hata yaliyotulia asihisi kitu, jeraha likalowana maji ya vyoo vilivyofurika, na wiki mbili baadaye mkajikuta mnazungumzia kukatwa mguu. Mama haruhusiwi kukanyaga maji ya mafuriko hata kidogo. Maana yake ni kwamba lazima abebwe, na abebwe kabla.

Nilikwenda Keko kwa fundi seremala, nikamchorea kiti chenye mikono, kilichotobolewa katikati, kinachowekwa juu ya choo au juu ya ndoo. Fundi alinitazama sana. Nilipoleta kiti hicho nyumbani nikapendekeza kwamba hichohicho kitumike kumbebea, Mama alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. "Hicho ni kiti cha choo. Hamnibebi nacho mbele za watu." Basi viti vikawa viwili. Cha kujisaidia nilikipeleka kwa jirani wa kupanda, mwenye nyumba iliyo juu ya mstari wa maji, ambako tulikubaliana kwamba Mama atakwenda. Kwangu Ilala niliacha kabisa kupang'ang'ania. Cha kumbebea ni kiti cha mezani. Januari nilizungumza na vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda, nikawapa fedha kidogo kwa mwezi, na Jumapili moja tukafanya mazoezi. Kiti cha plastiki tulikijaribu kwanza, miguu yake ikatanuka ikakaribia kupasuka. Kile cha mbao kilifaa, mradi Mama afungwe kiunoni kwa khanga na kijana wa mbele awe yule mfupi, kwa kuwa njia ya kwenda kwa jirani ni mpando. Watoto wa mtaa walifuata nyuma wakiimba nyimbo za harusi, na Mama akawapungia mkono.

Mengine ni ya kawaida, nitayapitia haraka. Kuna ndoo yenye mfuniko karibu na mlango, ndani yake mna daftari la kliniki, kadi ya bima, kitambulisho, dawa za wiki mbili, miwani ya akiba, tochi na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kwa sababu baada ya mafuriko kuharisha huja, na mzee huwa hahisi kiu mapema kama sisi. Insulini anayoitumia sasa hukaa kwenye mtungi mdogo wa udongo wenye maji kiasi, chupa ikiwa juu ndani ya kopo kavu, kwa siku ambazo umeme utakatika. Muuguzi wa kliniki alitukataza kuiweka moja kwa moja juu ya barafu, kwa sababu ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mpangaji wa chumba cha mbele ndiye anayezima umeme kwenye swichi kuu. Namba 114 ya Zimamoto imeandikwa ukutani kwa mkaa, herufi kubwa.

Lililotuokoa mwaka huu ni kukubaliana na Mama mwenyewe juu ya ishara ya kuondoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa rangi, njano ikiwa angalizo, chungwa ikiwa tahadhari, na nyekundu ikiwa tahadhari kubwa. Mama alisema kwamba njano haimtoi kitandani, na mimi nikakubali. Kwa rangi ya chungwa atavaa na kukaa tayari. Lakini ishara ya kunyanyuka haitoki redioni, inatoka kwa mpwa wangu anayeishi Pugu Kajiungeni, ambaye kazi yake ni kututazamia kijito kilicho nyuma ya kwao. Kijito kikipita kwenye barabara, anapiga simu, Mama anabebwa, na hakuna mjadala. Kwa kuwa sheria hiyo aliitunga yeye, hakuweza kuivunja.

Mwezi Aprili simu ya Pugu ilikuja saa tisa alasiri. Magomeni kulikuwa na manyunyu tu. Saa kumi na robo Mama alikuwa kwa jirani, anakunywa chai, analalamika kwamba wamemharakisha. Maji yaliingia nyumbani saa tatu usiku, yakafika tofali la tatu. Mimi wakati wote huo nilikuwa Ilala, Jangwani imefungwa, sina msaada wowote kwa mtu yeyote, na nakiri kwamba nililia kwa furaha jikoni kwangu. Kisha nilimtumia kaka picha ya Mama na kikombe chake, bila maneno.

Nawaambia haya wengi mnaonisoma mkiwa mbali, wengine Muscat, wengine Ulaya, mnaotuma fedha kila mwisho wa mwezi na kudhani kwamba wajibu umekwisha. Umbali wangu ni kilomita chache na sikuweza kufika. Wewe uliye ng'ambo ya bahari utafikaje? Fedha yako itafute mabega yaliyo karibu na mzee, na mabega hayo yalipwe wakati wa kiangazi, yajulikane kwa majina, yafanye mazoezi. Mjulishe mjumbe wako wa shina, uhakikishe serikali ya mtaa inajua kwamba katika nyumba hii yumo mtu asiyeweza kutembea, yumo asiyeona, yumo mama aliyejifungua juzi. Usingoje kamera za televisheni ndipo useme "laiti". Na uzungumze na mzee mapema. Nimeshasema, najua.

Msomaji wa Mbagala nilimwandikia kwa kirefu, nikamsihi aende kwa bibi Jumapili bila agizo lolote mkononi, akae, ale, aulize habari za choo. Alinijibu juzi. Choo si tatizo, bibi anasema hata ndoo inamtosha. Tatizo ni kuku saba, ambao masika iliyopita alipohamishwa kwa nguvu alirudi akakuta wamebaki wawili, na waliowachukua anawajua. Nimemwambia anunue tenga.