Siku Tano Osaka kwa Begi la Mgongoni: Maswali na Majibu

Nina siku tano tu. Ninunue Japan Rail Pass, pasi ya treni za JR (kundi la kampuni za reli za Japani), ili nione Tokyo, Osaka na Hiroshima? (Msomaji, Nairobi)

Usinunue. Swali hili halikauki, na anayeuliza huwa hajapiga hesabu. Tangu Oktoba 2023 pasi ya siku saba ni yen 50,000. Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, kati ya Tokyo na Shin-Osaka (stesheni yake mjini Osaka) ni karibu yen 14,000 kwenda tu, kwa hiyo hata ukienda na kurudi hufiki yen 30,000. Tena Nozomi, treni ya kasi kuliko zote kwenye njia hiyo, huipandi kwa pasi mpaka uongeze pesa.

Nauli si hasara pekee. Kila ukihama mji unapoteza nusu siku: kufunga begi, kulilipia kabati stesheni, kungoja saa tisa alasiri hosteli ikupe kitanda. Likizo fupi ni ya mji mmoja. Tua moja kwa moja Kansai, uwanja wa ndege wa Osaka, kupitia Dubai au Doha, lala Osaka siku zote, na miji ya jirani uende asubuhi urudi jioni. Kyoto kwa JR ni nusu saa na karibu yen 600. Kwa treni ya Hankyu, kampuni nyingine, kutoka stesheni ya Umeda mjini Osaka ni dakika 45 hivi, karibu yen 400. Nara ni dakika 40 kwa treni ya kampuni ya Kintetsu kutoka stesheni ya Namba, Osaka pia. Kwa matembezi hayo huhitaji pasi yoyote.

Tiketi ya ndege nimeshalipa, hairudishwi. Viza nianzie wapi? (Msomaji, Mwanza)

Umeanza na mwisho. Ubalozi unataka ratiba ya kila siku, mahali pa kulala, uthibitisho wa fedha na nafasi ya ndege iliyowekwa. Nafasi iliyowekwa si lazima iwe imelipwa. Sasa hakikisha tarehe za ratiba, hosteli na tiketi zinalingana, maana ratiba isiyolingana na vitanda inazua maswali. Wengine wanaosoma hapa: lipeni baada ya viza.

Nimeona vyumba vya bei ya chini sana Shin-Imamiya. Mwanamke peke yake atakuwa salama? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo dada, ila ujue unalala wapi. Shin-Imamiya, stesheni ya kusini mwa Osaka, iko ukingoni mwa Kamagasaki, mtaa wa vibarua wa kutwa, na nyumba nyingi za wageni pale zilijengwa kwa ajili yao. Ndiyo maana chumba ni kidogo, kinatosha mikeka mitatu ya sakafuni, godoro liko chini na bafu ni la pamoja. Utawaona wazee waliochoka, wengine wanalala nje. Hawana shida na wewe. Usiwapige picha, ni watu, si mandhari. Ukitembea kidogo kuelekea kusini utafika Tobita Shinchi, mtaa wa madanguro, na huko kutoa simu kupiga picha ni kutafuta ugomvi wa kweli.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Je, bafu lina saa za wanawake au ni la wanaume tu? Na mapokezi yanafungwa saa ngapi? Ukifika usiku baada ya dawati kufungwa, utabaki mlangoni na risiti yako. Hoteli za kapsuli, za kulala ndani ya kijichumba kama sanduku, nazo soma masharti yake vizuri, nyingi hazipokei wanawake kabisa.

Faida yake ni usafiri. Airport Express, treni ya kampuni ya Nankai, inasimama hapo hapo ikitoka Kansai, kwa karibu yen 1,000. Rapi:t, treni yao ya haraka zaidi, ni ghali zaidi na inakuokolea dakika chache tu. Njia ya metro ya Midosuji iko jirani, stesheni ya Dobutsuen-mae, na siku za kazi ina behewa la wanawake kutwa nzima. Tarehe nazo zitazame: mwisho wa Aprili hadi Mei 5, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, Wajapani wenyewe wako likizo. Bei hupanda na vitanda huisha.

Enjoy Eco Card ina maana? (Msomaji, Kampala)

Hiyo ni tiketi ya siku moja ya metro ya Osaka: Jumamosi na Jumapili ni yen 620, siku za kazi 820. Nauli ya chini ya metro ni 190, kwa hiyo siku ya kazi unahitaji safari fupi tano ndipo ikulipe. Haifanyi kazi kwenye JR, Nankai wala Hankyu, na hapo ndipo wengi hunasa getini. Siku ya kwenda Kyoto usiinunue. Tumia ICOCA, kadi ya nauli ya kujaza pesa, yen 2,000, ambapo 500 ni amana.

Naweza kulala stesheni kuokoa pesa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Hufungwa baada ya treni ya mwisho.

Mimi ni Mwislamu na mfuko wangu mdogo. Nitakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Kuwa macho hasa na vyakula ambavyo Osaka inajivunia. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, mara nyingi huja na nguruwe juu, rameni (tambi za mchuzi) nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe, na bakuli la wali na nyama ya ng'ombe hupikwa kwa mirini au sake, pombe za mchele. Kutoona nguruwe sahanini hakutoshi. Jifunze alama mbili za kwenye vifungashio: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Karibu na stesheni ya Chibune, njia ya Hanshin, kuna msikiti na mikahawa ya halali. Siku nyingine jipikie: chagua hosteli yenye jiko, ununue mchele, mayai na samaki supamaketi jioni, wakati vibandiko vya 半額, yaani nusu bei, vinapoanza kubandikwa. Maji ya bomba yanywe bila wasiwasi.

Lakini usibebe sambusa za nyama kutoka nyumbani. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaangwa au kukaushwa, haiingii bila cheti cha ukaguzi cha serikali ya nchi ilikotoka, na adhabu yake ni nzito kuliko bei ya chakula cha wiki nzima.

Chaja yangu itafanya kazi? (Msomaji, Muscat)

Kama imeandikwa 100–240V, ndiyo. Nunua adapta ya pini mbili bapa. Pasi ya nguo iache nyumbani, umeme wa kule ni volti 100.