Skuta ya kusukuma kwa mguu: anza na tairi na kimo cha kibao, rangi baadaye

Dada uliyeuliza juzi, pole kwa kusubiri, nilikuwa safarini na swali lako sikutaka kulijibu kwa mistari miwili maana mie mwenyewe limenigharimu hela na maumivu. Nilivyokuelewa una kijana wa miaka 4, binti wa miaka 9, na shemeji anataka ya kwake ya kumfikisha kituo cha mabasi ya mwendokasi asubuhi aachane na kulipa bodaboda kila siku, halafu ukauliza kama ipo skuta moja nzuri mnunue wote wawe wanapokezana. Hamna dada. Na sio suala la hela, ni kwamba hao watu watatu wana uzito tofauti, kimo tofauti na wanapita sehemu tofauti, ile itakayomfaa shemeji itamshinda mdogo hata kuinyanyua.

Kwanza nikuambie nilivyokosea. Mwaka 2019 nilikuwa nakaa Sinza, Dar, kazini Posta, na kutoka kwangu hadi kituo cha Shekilango ni kama kilomita 2 hivi. Nikaenda Kariakoo nikanunua skuta ya aluminiamu inayong'aa, inakunjika vizuri, nyepesi, muuzaji akaniambia hii hata wewe inakubeba. Tairi zake zilikuwa ndogo zile za plastiki ngumu, milimita 100. Mle dukani kwenye vigae ilikuwa inateleza kama maji. Jumatatu nikatoka nayo, kwenye lami safi, nikafika kwenye pevingi mwili mzima ukaanza kutetemeka mpaka macho hayaoni sawasawa, nikavumilia, mbele kidogo mchanga umemwagika barabarani kutoka kwenye nyumba inayojengwa na katikati ya mchanga kuna kokoto moja tu, sio kubwa, kama kifundo cha kidole gumba. Tairi ya mbele ikagoma palepale na mie nikaendelea na safari peke yangu. Mkono wa kulia ulivimba wiki mbili, na laptopu ilikuwa mgongoni nashukuru Mungu nilianguka kifudifudi.

Nikarudi nyumbani nikachukua rula ya mwanangu nikapima. Tairi ya milimita 100, kutoka kwenye ekseli hadi chini ni milimita 50. Kokoto ya sentimita 2 ni karibu nusu ya hapo, yaani kwa hiyo tairi ile ni ukuta. Chukua tairi ya milimita 200, kutoka kwenye ekseli hadi chini ni milimita 100, kokoto ileile inakuwa ni moja ya tano tu, inapandwa unasikia tuk unaendelea. Hiyo ndo habari yote ya tairi, na kwa barabara zetu zenye mchanga, viungo vya pevingi, mifuniko ya mitaro iliyokaa upande, mie naliweka hili mbele ya kila kitu. Milimita 100 ni ya ndani, kibarazani, uwanja wa saruji. Milimita 145 ni katikati, mtoto kwenye mtaa wenye lami nzuri. Milimita 200 ndo mtu mzima aanzie hapo. Ukitaka kupita barabara ya vumbi kabisa basi ni zile zenye tairi za upepo za inchi 12 kwenda juu kama za baiskeli ya mtoto.

La pili ambalo wauzaji hawakuambii kabisa ni kimo cha kibao cha kukanyagia kutoka chini. Hili nililielewa nikiwa Goma, Kongo. Nilisindikiza mzigo huko, na mtu akifika Goma lazima azione chukudu, zile skuta za mbao wanazobebea viazi, makaa, mbao, magunia yamepandana, mji umezijengea mpaka sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko. Nikasimama na jamaa mmoja anarekebisha yake pembeni ya barabara. Ni kitu kirefu kama mita 2 hivi, magurudumu ya mbao yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma unakikandamiza kwa mguu, na palepale kwenye ubao amepigilia kipande cha godoro cha kuwekea goti anaposukuma. Nikamuuliza mbona ubao umekaa chini hivi hamuogopi mawe, akanijibu, "Ikikuwa juu, mguu inachoka mbiyo." Yaani unachoka haraka. Basi.

Nikaanza kufikiria na kweli. Ukisukuma, mguu wa chini ndo unaonekana unafanya kazi lakini anayeumia ni yule aliyebaki kwenye kibao, maana lazima apinde goti ili mwenzake afike chini. Kila msukumo ni kuchuchumaa kidogo kwa mguu mmoja. Tuseme msukumo mmoja unakupeleka mita 4, kilomita 2 ni misukumo 500, sasa tofauti ya sentimita 4 za kibao kwa kuchuchumaa mara 500 asubuhi na 500 jioni utaisikia kwenye paja na kwenye goti. Kwahiyo ukiwa dukani usiangalie tu, panda, mguu mmoja juu mwingine weka chini unyayo wote ugusane na sakafu, uone goti la juu limepinda kiasi gani. Kama unalazimika kusimama kwa vidole kufika chini achana nayo. Mie siku hizi natembea na futi ya fundi cherehani mfukoni, kibao cha sentimita 6 au 7 nafurahi, 8 au 9 navumilia, ikizidi 10 kwa skuta ya mjini naiacha. Ila kibao kikishuka sana kinagonga matuta, na Sinza matuta mnayajua, kwahiyo chini kabisa nako sio.

Sasa tuje kwa watu wako.

Huyu wa miaka 4 mchukulie ya magurudumu matatu, mawili mbele moja nyuma, ile inayokata kona kwa mtoto kuegemea upande anaotaka kwenda. Angalia vizuri hapo maana zipo zenye mawili nyuma na moja mbele, za bei ndogo, mtoto akikata kona kwa kasi inapinduka. Iwe nyepesi aweze kuinyanyua mwenyewe, usukani umfike kati ya kiuno na kifua, na vishikio viwe na vichwa vya mpira mwishoni visimchome tumbo akianguka. Zile tairi zinazowaka taa hazina shida, ndani kuna sumaku zinatengeneza umeme zenyewe tairi ikizunguka, hamna betri ya kubadilisha, na jioni unamwona aliko. Breki ya nyuma ya kukanyaga kwa umri huo wengi hawaitumii, wanaburuza kiatu, kwahiyo viatu vya kufunika vidole, sio ndala. Na ni ya uani au kibarazani, sio barabarani hata mara moja.

Binti wa miaka 9 hapo ndo watu wengi wanaharibu, wananunua zile ndogo za tairi ya milimita 98 au 100 kwa sababu kwenye boksi kuna picha ya mtoto. Kwa mfano Razor A, ile iliyoanza kuvuma duniani mwaka 2000, ni skuta imara na ina uzito wa chini ya kilo 3, lakini tairi zake ni milimita 98, ilitengenezewa njia laini za miguu kama za Marekani. Kama mtaani kwenu ni lami na pevingi mtafutie ya milimita 145 au hata 200, ila hakikisha usukani ukishushwa mpaka mwisho unamfaa leo, maana nyingi za milimita 200 zimepangwa kwa watu warefu. Inayoongezeka kimo ndo nzuri, ataitumia mpaka sekondari, na hata wewe mama mtu utaiazima jioni.

Hukuuliza lakini niseme kwa wengine wenye vijana wa miaka 12, 13 wanaoangalia video za kuruka. Skuta ya kuruka ni kitu kingine kabisa. Haikunjiki, usukani haupandi wala kushuka, kibao kimekakamaa, tairi mara nyingi milimita 110 na katikati ni chuma au aluminiamu sio plastiki. Kwenda nayo shule kilomita 2 ni adhabu. Na kinyume chake ni hatari zaidi: mpwa wangu aliruka ngazi tatu za kanisa na skuta yangu ya kukunja, ule mkunjo pale mbele ukapasuka, usukani ukamlalia, alishonwa nyuzi nne kidevuni. Niliumia sana maana mie ndo nilimwachia. Skuta yenye mkunjo hairukwi.

Shemeji sasa. Mwambie asome lebo ya uzito wa mwisho, inakaa chini ya kibao au kwenye mlingoti, na asijipime yeye tu, apime na begi, laptopu, chakula cha mchana. Nyingi za watu wazima zinaandikwa kilo 100. Mie nina 86, begi 7, niko ndani lakini kidogo tu, akiwa na 95 atafute iliyoandikwa 120. Tairi milimita 200, usukani ufike usawa wa kitovu hivi asiwe anainama, na uzito wa skuta wenyewe ni wa muhimu kwake kuliko anavyodhani, kwa sababu ataibeba. Mwendokasi asubuhi anaijua, watu wamebanana, kilo 4 au 5 iliyokunjwa unaishikilia miguuni wima, ile ya tairi za upepo inafika kilo 8 na zaidi na haikunjiki ndogo, watu watakugombeza na wana haki. Kwahiyo kama njia yake ya kufika kituoni ni vumbi tupu afadhali tairi za upepo na aiache kwa mtu pale kituoni akilipia kidogo, kama ni lami na pevingi milimita 200 ngumu zinatosha.

Springi za mbele na nyuma zinazosifiwa sana, kwa mtazamo wangu ni nzuri kidogo tu kwenye pevingi, zinaongeza uzito na baada ya miezi zinaanza kulia kwekwekwe. Hela hiyo aiweke kwenye breki ya mkono. Breki ya nyuma ya kukanyaga madigadi inafanya kazi kukiwa kukavu, mvua ikinyesha inateleza juu ya tairi kama sabuni, na zile alama nyeupe za zebra zikilowa ndo usiseme. Siku za mvua mie naikunja natembea.

Kama bajeti ni ndogo, mtumba wa Ulaya mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei chee. Ya kwangu ya sasa nimeipata mtumba kwa laki na ishirini na huu ni mwaka wa nne. Ila uwe na macho. Bonyeza tairi kwa ukucha, plastiki ile ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu kama wa Dar inaoza, ukucha ukizama au ikimeguka kama jibini, au ikinata, tairi hizo zimekwisha hata kama zinaonekana nzima. Inyanyue uzungushe tairi usikilize, ikikwaruza ni beringi, na hiyo isikutishe, beringi za skuta nyingi ni namba 608, imeandikwa pembeni, tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje 22, zilezile za skeiti, maduka ya beringi wanazo na fundi wa baiskeli anakubadilishia zote nne chini ya nusu saa. Kinachotakiwa kukutisha ni mkunjo. Shika usukani, kanyaga kibao, sukuma mbele na nyuma, ikicheza kaza ile bolti uone, ikiendelea kucheza baada ya kukaza iache hapohapo. Angalia pia sehemu zilizochomelewa kama kuna mstari mwembamba mweusi au kutu inatoka ndani, huo ni ufa.

Na shemeji akishaipata afanye hivi wiki ya kwanza: abadilishe mguu kila baada ya misukumo minane au kumi, hata kama wa kushoto unaona aibu mwanzoni. Mie nilisukuma kwa mguu mmoja miezi miwili, nyonga ikaanza kuuma nikadhani ni ugonjwa. Kofia ngumu avae, na kwenye makutano ashuke atembee, bodaboda wanapita mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu na hawategemei kukuta kitu chenye kasi yako hapo.

Kwahiyo dada kama hela haitoshi zote tatu kwa pamoja, anza na ya shemeji maana ndo itakayorudisha hela ya bodaboda, halafu ya mdogo ya magurudumu matatu ambazo mtumba zipo nyingi, ya binti isubiri mpaka mpate yenye usukani unaoshuka. Ukienda sokoni ukaona inayokuvutia piga picha tatu, ya chini ya kibao penye lebo, ya mkunjo kwa karibu, na ya tairi ukiwa umeweka rula pembeni, uziweke hapa, nitakuangalizia kabla hujalipa.