Wasomaji Wauliza: Kiti cha Kufanyia Kazi za Mikono Nyumbani

Barua za mwezi huu karibu zote zahusu viti: cha cherehani, cha kudarizi, cha kusukia ukili, ule ukanda wa majani wa kushonea mikeka. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Weka futikamba karibu unaposoma.

Asalaam aleikum. Nashona madera na mapazia nyumbani kwa cherehani ndogo ya umeme niliyoiweka juu ya meza ya kulia. Nilinunua kiti cha ofisi cha rekisini (ngozi ya bandia), kinono na laini, lakini ikifika adhuhuri mabega yaniuma na miguu imekufa ganzi. Mimi ni mfupi. Ninunue kiti gani? — Mshonaji wa madera, Kisauni

Wa aleikum salaam, dada. Pesa zako ziweke kwanza, kwani huenda kosa si la kiti. Meza ya kulia kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi. Cherehani ya kubebeka ikikaa juu yake, pale sindano inapozama kwenye kitambaa pamepanda sentimita 7 au 8 zaidi. Mikono yako basi yafanya kazi kwenye kimo cha sentimita 82 au 83, na hapo ndipo mabega yanapoanza kupandishwa bila mwenyewe kujua.

Jipime hivi. Kaa wima kwenye kiti kigumu, mkono ushuke kando ya mbavu, kiwiko ukikunje. Mtu akupime kutoka kwenye kiti hadi chini ya kiwiko. Kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye kikunjo cha nyuma ya goti, nawe umevaa zile ndara unazoshonea. Tuseme kipimo cha kwanza ni 23 na cha pili ni 40, ambavyo ni vipimo vya kawaida kwa mwanamke mfupi. Ukijumlisha ni 63. Kiwiko chako kiko sentimita 63 kutoka sakafuni, na sindano iko 82. Kiti kizuri chaweza kuliziba pengo hilo kwa kukupandisha tu, na ukipanda miguu yaning'inia, ukingo wa kiti wabana mapaja kwa chini, ganzi ikaingia.

Dawa yake ni kugawana: kiti kipande kidogo, meza ishuke kidogo, na miguu ipate pa kukanyaga. Viti vingi vya ofisi hufika kimo cha sentimita 50. Ukikaa hapo kiwiko chako kitakuwa 73. Meza ikishuka sentimita 8, sindano itakuwa 74 au 75, na tofauti ya sentimita moja au mbili haina neno. Chini ya miguu weka kibao cha sentimita 10, upana wa 35 na urefu wa 50, kitoshe nyayo zote mbili pamoja na pedali. Gundisha vipande vya mpira wa tairi la baiskeli chini ya kibao kisiteleze, na kipande kingine juu yake ili pedali isikukimbie. Watu wengi huinua miguu yao na kuisahau pedali sakafuni, kisha wakashona mguu mmoja juu, mmoja chini, nyonga zikapinda.

Meza ya kulia usiikate, utakosana na watu wa nyumbani. Mtake seremala akutengenezee meza ya kazi ya sentimita 67, isiyo na droo upande unaokaa, maana droo hula nafasi ya mapaja. Kama una fundi mwenye mkono mzuri, mwambie atoboe uso wa meza kwa umbo la cherehani na kuitilia rafu chini, ili pale sindano inapozama pawe sawasawa na uso wa meza. Hapo uso wa meza wenyewe uwe 74 au 75, si 67. Mapazia yatakushukuru: kitambaa kizito hulala juu ya meza badala ya kuning'inia ukingoni na kuivuta sindano.

Sasa tuje kwenye kiti. Hicho kinono, ambacho wauzaji hukiita kiti cha bosi, kimetengenezwa kwa mtu anayeegemea nyuma na kuongea na simu. Kina cha kukalia chake aghalabu ni sentimita 48 au zaidi. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi kwenye kikunjo cha goti, kisha utoe 5: kwako huenda ikawa 40 tu. Kwa kuwa kiti ni kirefu kuliko paja, wewe wakalia ukingo, na mgongo wa kiti uko nyuma huko haukufikii hata siku moja. Ukiamua kununua kingine, tafuta cha karani: kidogo, mgongo wake mfupi unaoweza kusogezwa mbele na kupandishwa hadi ukifikie kiuno, ukingo wa mbele umeviringwa, miguu mitano chini wala si minne. Kisiwe na mikono. Mikono ya kiti hugonga meza, nawe ukabaki mbali na sindano, tena hunasa kitambaa unapokigeuza.

Mshonaji huinama mbele, kwa hiyo mto wa mshazari husaidia sana: sponji ngumu, sentimita 6 nyuma na 2 mbele. Mwinamo huo mdogo huizuia nyonga kurudi nyuma na mgongo kujikunja.

Wanaotumia cherehani ya miguu wasiguse kiti cha magurudumu kabisa. Kila ukikanyaga, kiti kinarudi nyuma, na mapaja yanafanya kazi ya kujivuta siku nzima. Kiti cha mbao cha miguu minne chawatosha.

Ndugu mhariri, kiti changu cha rekisini chaambuka kama ngozi ya aliyeungua jua. Vipande vyeusi vyashika kwenye kitambaa cheupe cha kofia ninazodarizi. Hakijafika miaka mitatu. Je, niliuziwa kiti kibovu? — Mdarizi, Mji wa Kale

Si lazima, ndugu. Rekisini nyingi za viti vya ofisi ni kitambaa kilichopakwa utando wa poliyurethani, na utando huo huvunjwa na unyevu ukishirikiana na joto. Mvuke wa hewa huingia taratibu ndani yake na kuukata viungo, hata kiti kikiwa hakikaliwi. Mombasa tuna vyote viwili mwaka mzima, na jasho la mwenye kiti juu yake. Rekisini ya aina ya PVC haivunjiki kwa njia hiyo, lakini hukakamaa na kupasuka baada ya muda, tena wakati wa kaskazi humshika mtu mapajani.

Kuipaka rangi au gundi ni kupoteza wakati, kwani chini ya gundi utando unaendelea kuachia. Kivue. Kigeuze kiti, fungua skrubu za bamba la chini (mara nyingi ni nne), kisha ng'oa pini kwa bisibisi bapa. Tazama sponji: ukiibonyeza kwa gumba ikaacha shimo au ikatoa unga, hiyo imekwisha nayo. Dukani uliza densiti (uzito wa sponji kwa ujazo wake), usiulize unene peke yake. Kwa kukalia taka ya 30 au zaidi, unene wa sentimita 5 au 6. Sponji nyepesi, yenye unene wa sentimita 10, ni tamu dukani, lakini baada ya miezi michache umekaa juu ya ubao.

Kwa nguo yake, pamba nzito kama drili au jinzi. Ifue kwanza na uianike, la sivyo itapungua kipimo ukija kuifua baadaye. Kiti cha sentimita 48 kwa 48 chataka kitambaa cha 70 kwa 70: 6 kila upande za kushuka na unene wa sponji, 5 za kukunjia chini. Unapopiga pini anza katikati ya kila upande, pande nne, ndipo uende pembeni kidogo kidogo huku ukivuta sawasawa. Anayeanza na pembe hupata nyuzi zilizokwenda upogo na mikunjo isiyotoka. Pini za milimita 8 au 10 zatosha, ndefu zaidi hutokeza upande wa pili wa ubao mwembamba.

Juu yake shona kifuniko cha leso (kanga) kuukuu chenye lastiki, ukifue kila wiki. Leso ni nyembamba na itachakaa, lakini kwa kazi nyeupe kama yako usafi ndio mkubwa. Na kiti kisigandamane na ukuta. Wakati wa masika kiache sentimita 10 hewa ipite, kisiote koga mgongoni.

Na kwa kuwa wewe wadarizi kwa mkono, ushauri tuliompa dada wa Kisauni kuhusu mikono ya kiti waupindue. Kofia huletwa karibu na macho, na mkono usio na pa kuegemea hulivuta bega. Taka kiti chenye mikono iliyo sawa na kiwiko chako, kisha mto wa sentimita 10 hadi 15 mapajani, kofia ipande badala ya shingo kushuka.

Kiti changu kila nikikipandisha, baada ya nusu saa kimeshuka chenyewe. Fundi wa kuchomelea ameniambia ataipiga weldi ile nguzo ibaki hapo hapo. Nimpe? — Mshona viatu vya ushanga, Changamwe

Usimpe, bwana! Ndani ya nguzo hiyo mna gesi iliyoshindiliwa. Kuichoma, kuitoboa au kuikata kwaweza kuilipua.

Kinachoshuka ni kwa sababu mipira ya ndani imechakaa na gesi inavuja, wala haitengenezeki. Nguzo mpya huuzwa peke yake, na vipimo vyake kwa viti vingi ni sawa: milimita 28 juu, 50 chini. Kuitoa ndiko kuna jasho. Hakuna skrubu, imebanwa kwa umbo lake la kuchongoka tu, kwa hiyo hugongwa kwa nyundo hadi iachie.

Asiyetaka gharama afanye hivi: apandishe kiti hadi kimo anachotaka, aondoe kile kifuniko cha plastiki cha kupandana, apime sehemu ya nguzo iliyo wazi, akate bomba la plastiki la inchi moja na robo kwa urefu huo huo, alipasue kwa urefu na kulivisha. Kiti kitakaa juu ya bomba. Hakitapanda wala kushuka tena, na kama ni wewe peke yako unayekikalia, wahitaji nini zaidi?

Bibi yetu asuka ukili toka asubuhi, akiwa mkekani. Magoti sasa yamshinda kuinuka. Tumemnunulia kiti, hakitaki. Asema miyaa (majani ya kusukia) haimfikii. — Wajukuu, Likoni

Bibi ana haki. Anayesuka ukili huhitaji miyaa iliyoloweshwa iwe ubavuni, na ukanda unaokua uwe na pa kushukia. Mkimweka juu bila kupandisha na vitu vyake, kila dakika atainama kuokota.

Mpelekeeni seremala vipimo hivi: kimo cha kukalia sentimita 42, kina 40, upana 45, mgongo umelala nyuma kidogo sana, na mikono imara inayotokeza mbele, kwani hiyo ndiyo atakayoikandamiza akiinuka. Msimtengenezee kigoda cha sentimita 25 kwa kudhani ndiyo njia ya katikati. Kwa goti bovu kuinuka kutoka kwenye kigoda ni kugumu karibu sawa na kutoka chini. Kisha pembeni, upande wa mkono anaochukulia, iwepo meza ndogo ya sentimita 40 ya miyaa na kitambaa chake kibichi, na chini tandikeni mkeka ukili ujikunje hapo.

Mbao za mvule hudumu na mchwa hawaziwezi, ila bei yake mwaijua. Mwembe ni rahisi lakini dumuzi huupenda, basi upakwe dawa kabla ya vanishi, na chini ya miguu pia. Mvinje ni mgumu na hupasuka ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza.

Akikataa katakata, mpeni mto wa sentimita 12 wa kukalia papo hapo mkekani, ukutani mwingine wa kiuno. Ujazeni usumba. Sufi ni laini lakini hujilaza upesi, na baada ya wiki kadhaa bibi atakuwa amerudi chini. Stuli imara iwekwe karibu ya kushikia anapoinuka.

Naishi karibu na bahari. Miguu ya chuma ya kiti changu yala kutu kila mwaka, ingawa napiga deki kila siku. — Msomaji, Nyali

Deki hiyo huenda ndiyo yenye hatia, hasa kama ni maji ya kisima. Visima vingi vyetu vina chumvi, na maji yakikauka kwenye maungio ya miguu chumvi hubaki. Inua kiti unapopiga deki, au kipanguse kwa maji matamu na kukikausha. Mara moja kwa mwezi pitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu na mihimili ya magurudumu. Chuma cha kung'aa kikishatoboka vidoa vidoa hakirudi, kwa hiyo ukinunua kingine chagua miguu ya alumini au ya plastiki nene.

Na kama sakafu yako ni ya vigae, badilisha magurudumu pia: yale magumu ya nailoni ni ya zulia. Kwenye vigae huteleza unapobonyeza pedali na kukwaruza. Ya mpira laini huchomekwa tu, kijiti chake kwa viti vingi ni milimita 11, lakini chomoa moja uende nalo dukani.