Kwa mnaoanza kusoma injinia ya umeme mwaka huu

Wadogo zangu mliochaguliwa kusoma umeme hongereni sana. Nimeona wengi mnasema mnapenda roboti, wengine sola, wengine ndoto yao ni bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji au treni ya SGR, na ni vitu vizuri kabisa, lile bwawa lina mitambo 9 na kila mmoja ni megawati 235, nani asingetamani kuigusa. Ila naombeni mnisikilize kidogo kuhusu mwaka wa kwanza maana hapo ndo nilipokosea.

Mi niliingia chuo nimeshaamua, sola tu. Kwaiyo hesabu za mwaka wa kwanza nikaziona kama kitu cha kumalizana nacho, nakariri pasti pepa, napata maksi za kuvuka basi, nikiamini nikifika mwaka wa tatu ndo ntaanza kusoma kweli. Zile namba changamano (complex numbers, zenye sehemu halisi na sehemu yenye j, yaani mzizi wa pili wa -1) nilizisoma siku mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, wiki ileile zikatoka kichwani. Afu tukaanza saketi za AC (umeme wa mkondo geu), lekchara anaandika j kila mahali, impidansi, yaani ukinzani wa saketi hizo, ina j, pawa ina j, nikaona giza tupu. Nikala sapu, mtihani wa marudio. Na sapu yenyewe nikaisomea nikiwa PT, mafunzo kwa vitendo, mchana kiwandani usiku daftari.

Pale kiwandani kulikuwa na fundi mtu mzima, kasoma VETA, kila mtu anamwita mzee. Siku moja kabati la kapasita, lile linalopandisha pawa fakta, lilikuwa limezimwa wanalifanyia matengenezo, mita inasoma pawa fakta 0.7, yaani kilowati zinazofanya kazi kweli ukigawanya kwa kVA, umeme wote unaovutwa. Mzee akaniuliza, kijana, mashine hizi zinakula kilowati 70, TANESCO wao wanaona tunavuta kVA ngapi? Nikakaa kimya, na niko chuo kikuu. Akanifundisha bila haraka: 70 gawanya kwa 0.7 unapata kVA 100, na mteja mkubwa halipii yuniti peke yake, analipia na kile kilele cha kVA alichofikia mwezi huo. Walipoliwasha kabati pawa fakta ikapanda hadi 0.95, kVA zikashuka hadi kama 74, na mashine ni zilezile zinafanya kazi ileile! Usiku nikachora pembetatu yake kwenye daftari nikaona mbona ndo namba changamano yenyewe hii, sehemu halisi ni kilowati, ile yenye j ni kVAr, umeme unaoenda na kurudi bila kufanya kazi. Nilifurahi mpaka usingizi ukakata. Tangu siku ile moyo ukahamia kwenye mota na umeme wa viwandani, sola nikaiacha bila kinyongo.

Kwaiyo unachokipenda kipende ila usikifungie mlango mwaka wa kwanza, na kila topiki ya hesabu muulize mtu wa mwaka wa tatu inaenda kutumika wapi, usione aibu. Kwenye maabara usiwe yule anayenakili rizalti, shika waya mwenyewe, kuna vikundi mtu mmoja anaunga saketi miaka minne wenzake wanaandika ripoti tu, inauma sana. Bumu likiingia toa hela kidogo ununue multimita. Kama MATLAB, ile programu ya kupigia hesabu kwenye kompyuta, huna tumia Octave, ni ya bure na namna ya kuandika amri zake karibu inafanana.

GPA itunze, 3.5 kwenda juu inasaidia kweli. Logibuku ya PT nayo iandike kila siku kwa mkono wako, usisubiri wiki ya mwisho, maana ukimaliza chuo unajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, afu kuna SEAP, mpango wao wa mafunzo kazini, miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi huku unaandika ripoti ndo uombe kuwa mhandisi mtaalamu, na asiyezoea kuandika anateseka sana huko.

Na nafasi za PT anzeni kuziulizia semista ya pili ikifunguliwa tu, barua peleka mwenyewe kwa mkono na uombe kuonana na mtu wa matengenezo, sio kuiacha getini.