Kabla hamjasema wimbi ndilo lililoing'arisha aurora

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fizikia ya anga za juu, picha za aurora, mwanga wa rangi unaoonekana angani karibu na ncha za dunia, zinapendeza hadi mtu anasahau kwamba mwanga ule ni hatua ya mwisho. Kazi imeshafanyika kilomita elfu kadhaa juu, ambako elektroni huongezwa kasi kufuata mistari ya uga sumaku. Zikishuka na kugonga oksijeni kwenye kilomita 100 hadi 150 hivi, ndipo tunaona kijani.

Kinachozisukuma si kimoja. Mara nyingi ni tofauti ya volteji iliyotulia kwenye mstari wa uga. Mara nyingine ni mawimbi ya Alfvén, yaani mitikisiko inayosafiri kwenye mistari ya uga sumaku ndani ya plazma (gesi yenye chaji za umeme), aliyoyaeleza Hannes Alfvén wa Uswidi mwaka 1942: elektroni zenye kasi inayokaribiana na ya wimbi hubebwa nalo na kuchota nishati yake. Jambo hili lilipimwa kwenye mtambo mkubwa wa plazma wa UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, matokeo yakatoka 2021.

Kwa hiyo mkiona utepe umewaka ghafla, fungueni kwanza spektra ya elektroni, yaani grafu ya idadi yake kwa kila kiwango cha nishati. Ikiwa na kilele kimoja chembamba, shukuni volteji. Ikiwa imetapakaa kutoka makumi ya elektronivolti hadi elfu kadhaa, hapo wimbi linanukia.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: gawanyeni badiliko la uga wa umeme kwa badiliko la uga sumaku. Jibu likikaribia kasi ya Alfvén, yaani kasi ya wimbi hilo, ya pale setilaiti ilipo, mna wimbi. Likifuata upitishaji umeme wa ionosfia (tabaka la juu la angahewa lenye chaji), huo ni mkondo uliotulia. Fanyeni hesabu kwa kila frikwensi, maana wimbi likigonga ionosfia sehemu yake hurudi juu na kuvuruga jibu. Wastani wa kipande kizima cha data utawapoteza. Kisha hakikisheni vekta ya Poynting, inayoonyesha nishati ya uga inaelekea wapi, inaelekea chini. Kama nishati haishuki, haiwezi kuwa ndiyo iliyowasha utepe wenu.

Kwa mabadiliko ya haraka tumieni kijani cha nanomita 557.7, ambacho atomu hukitoa ndani ya sekunde moja hivi. Nyekundu ya 630 huchelewa karibu sekunde 110, na mapigo ya wimbi hufutika humo. Kamera za anga za mradi wa THEMIS wa NASA, zilizoko Kanada na Alaska, hupiga kila sekunde 3, basi mtetemo wa chini ya sekunde 6 msiutafute kwazo.

Anzeni na data za FAST, setilaiti iliyorushwa 1996. Elektroni na uga zote mbili vilipimwa na chombo hicho kimoja.